Kuondoa aliasi kwenye akaunti ya Microsoft: kipi kifutwe, kipi kizimwe tu?

nyuki_wa_isevya (Tabora)

Mwangaluka wadau. Naomba mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo ya akaunti kwa undani.

Ofisi yetu ya asali na nta hapa Tabora inatumia akaunti moja ya Microsoft, ile ya binafsi ya bure. Nikifungua ukurasa wa majina ya kuingilia nakuta aliasi tano, yaani anwani na namba zilizounganishwa na akaunti hiyo moja:

- anwani ya hotmail.com ya tangu 2011, ndiyo kuu
- anwani ya outlook.com inayoanza na "mauzo", ipo kwenye lebo za chupa zote
- anwani nyingine ya outlook.com ya karani ambaye ameshaondoka
- Gmail ya mkurugenzi
- namba ya simu ambayo laini yake haiko hewani tena

Nataka ibaki "mauzo" peke yake. Ila kuna mambo yananikwamisha. Kwenye ile ya hotmail hakuna kitufe cha kuondoa, nyingine zote zinacho. Ukurasa wa shughuli za karibuni umejaa majaribio ya kuingia yaliyoshindikana, ya kila siku, kutoka nchi ambazo hatuna hata mteja, na yote yanapitia hiyo hiyo hotmail. Tena sijui nikiondoa anwani barua zake za zamani zinaenda wapi, wala kama mtu mwingine anaweza kuja kuichukua. Kompyuta mbili za ofisini za Windows zinafunguliwa kwa akaunti hii, na ankara zote ziko OneDrive.

Nianzie wapi?

---

fundi_wa_seva

Mwangaluka mkuu. Kwanza usibonyeze "Remove" popote.

Aliasi ya Microsoft ina kazi mbili tofauti: inapokea barua (zile za outlook na hotmail), na inatumika kama jina la kuingilia. Kinachokusumbua ni hiyo kazi ya pili, na hiyo inazimwa bila kufuta anwani. Watu wengi hufuta anwani nzima kwa sababu ya majaribio ya wezi, halafu wiki mbili baadaye wanahangaika kwa kuwa huduma fulani ilikuwa inatuma misimbo huko.

Ingia account.microsoft.com, fungua "Your info", kisha "Edit account info". Njia ya mkato ni account.live.com/names/manage. Utaombwa msimbo wa uthibitisho, na msimbo huo unatumwa kwenye taarifa za usalama zilizopo sasa. Kwa hiyo hakikisha huko kuna namba au anwani ambayo leo hii unaweza kuifungua. Kama kuna ile laini iliyokufa tu, shughulikia hilo kwanza, mengine yasubiri.

Baada ya hapo:

1. Ongeza aliasi mpya ya outlook.com ambayo hutaiandika popote: si kwenye lebo, si kwenye fomu, si kwa wateja. Isiwe na jina la ofisi wala neno asali, iwe herufi na tarakimu zisizobashirika. Akaunti inaruhusu aliasi 10 kwa wakati mmoja, nafasi unayo.

2. Kwenye hiyo mpya bonyeza "Make primary". Hapo ndipo hotmail itapata kitufe cha kuondoa. Anwani kuu haiondoleki mpaka ukuu uhamie kwingine, ndiyo sababu hukioni. Kubadilisha anwani kuu ni mara 2 tu kwa wiki, kwa hiyo usikibonyeze kujaribu jaribu.

3. Shuka chini hadi "Change sign-in preferences". Ondoa tiki kwenye hotmail, mauzo, ya karani, Gmail na ile namba ya simu. Ibaki anwani mpya peke yake. Hifadhi.

Kuanzia hapo mtu akiandika hotmail yenu kwenye ukurasa wa kuingia haendi popote, hata akiwa na nenosiri sahihi. Kumbuka aliasi zote za akaunti zinatumia nenosiri moja, kwa hiyo kila yenye tiki ni jina jingine la kubahatishia nenosiri lile lile. Wakati huo huo barua za hotmail na mauzo zinaendelea kuingia kama kawaida.

Hapa nakupinga kidogo kuhusu kubaki na "mauzo" peke yake. Anwani iliyoko kwenye chupa kila soko inajulikana na kila mtu. Ukiifanya ndiyo ya kuingilia, majaribio unayoyaona leo kwenye hotmail yatahamia kwake. Iache iwe ya kupokea na kutuma tu.

Ila kuna mtego: ukibadilisha anwani kuu, angalia barua zinatoka kwa jina gani. Ingia Outlook kwenye kivinjari, mipangilio, "Mail", "Sync email", na uweke "mauzo" kuwa anwani ya kutumia. Usipofanya hivyo, ile anwani ya siri utaitangaza mwenyewe kwa wateja. Mialiko ya kalenda ijaribu pembeni: tuma mmoja kwenye anwani nyingine uliyonayo, uone umebeba jina gani.

Barua za zamani hazipotei. Aliasi zote zina kisanduku kimoja, kwa hiyo ukiondoa anwani unazuia barua mpya tu, zilizokwisha ingia zinabaki.

Kompyuta za Windows zitaendelea kufunguka. Akaunti ni ile ile, nenosiri ni lile lile, PIN haiguswi, OneDrive haigusi ankara zako. Kinachoweza kubadilika ni anwani inayoonekana kwenye mipangilio. Folda iliyo ndani ya C:\Users itabaki na jina la zamani, yaani herufi tano za mwanzo za anwani iliyotumika siku kompyuta inafunguliwa akaunti. Usithubutu kuibadilisha jina kwa mkono, utavunja njia za programu. Haina madhara, iache.

Programu za barua ndizo zinazoweza kugoma. Kama kuna simu au Thunderbird iliyowekewa hotmail kama jina la mtumiaji, itaanza kuuliza nenosiri tena na tena. Nenosiri halina kosa, ni jina ndilo limefungiwa. Ondoa akaunti kwenye programu hiyo na uiweke upya kwa anwani kuu mpya.

Sasa kuhusu kuchukuliwa na mtu mwingine, inategemea mwisho wa anwani:

Anwani ya hotmail.com, live.com au msn.com ukishaiondoa haitengenezwi tena, si na wewe, si na mtu mwingine. Imekwenda. Anwani ya outlook.com ni kinyume chake: baada ya siku 30 mtu yeyote anaweza kuisajili. Kwa hiyo aliasi yako ya hatari kuliko zote ni ile ya karani. Ukiiondoa leo, mgeni anaweza kuichukua baada ya mwezi na kuanza kupokea barua za wateja wenu, pamoja na viungo vya kubadilisha nenosiri kutoka kila huduma iliyosajiliwa kwayo. Iache kwenye akaunti, bila tiki. Haikugharimu kitu.

Gmail ya mkurugenzi unaweza kuiondoa hata leo. Pale unakata uhusiano tu. Sanduku lenyewe liko Google na litabaki huko. Wala barua za Gmail hiyo hazijawahi kuingia kwenye Outlook yenu kwa sababu ya aliasi, ilikuwa jina la kuingilia tu.

---

Kibirizi_ziwani (Kigoma)

Mwakeye kutoka Kigoma. Fundi kamaliza karibu yote, mimi naongezea kwenye namba ya simu na kwenye karani, maana hapo ndipo penye moto.

Namba isiyotumika hurudi sokoni. Kampuni ya simu huigawa upya, anaisajili mtu mwingine kwa alama zake za vidole, na tangu siku hiyo meseji za misimbo zinakwenda kwake. Hahitaji kuwa mwizi, inatosha awe mdadisi.

Sasa angalia: namba hiyo inaweza kuwa sehemu mbili tofauti. Moja ni kwenye ukurasa wa majina ya kuingilia, ambako ni aliasi. Ya pili ni kwenye ukurasa wa usalama, ambako inapokea misimbo. Kuiondoa kwenye ukurasa mmoja hakuiondoi kwenye mwingine. Hapa watu wengi sana wanajidanganya kwamba wamemaliza.

Utaratibu uwe huu. Fungua "Security", halafu njia za kuthibitisha. Ongeza namba inayofanya kazi. Ukichagua nchi ni Tanzania au ukianza na +255, ile sifuri ya mwanzo iache. Ongeza na barua pepe moja ya nje ambayo haipo ndani ya akaunti hii, pamoja na programu ya uthibitisho kwenye simu. Thibitisha kila moja kwa msimbo. Baada ya zote kukubali ndipo uondoe namba ya zamani. Ukifanya kinyume, ukaondoa taarifa zote za usalama kwa mpigo na kuweka nyingine, akaunti inaingia kwenye kungoja kwa siku 30. Zimewekwa makusudi ili mwenye akaunti halisi apate muda wa kushtuka, lakini zitakubana wewe pia.

Ukiwa hapo hapo, toa msimbo wa kurejesha akaunti. Una tarakimu na herufi 25. Uchapishe, uuweke kwenye faili la ofisi pamoja na leseni ya biashara. Usiuhifadhi OneDrive, maana siku utakayouhitaji ndiyo siku OneDrive haifunguki.

Kuhusu karani: kuzima tiki ya aliasi yake hakumtoi mtu aliyekwisha ingia. Kama simu yake bado ina akaunti, inaweza kuendelea kusoma. Fanya haya:

- badilisha nenosiri
- kwenye ukurasa huo wa usalama tumia "Sign me out", itoe vifaa vyote. Inaweza kuchukua hadi saa 24 kukamilika, na kompyuta zenu zitahitaji kuingia upya
- futa manenosiri ya programu (yale ya pembeni yanayotengenezwa kwa ajili ya programu moja) kama yaliwahi kutengenezwa
- kwenye mipangilio ya Outlook fungua sehemu ya kusambaza barua na sehemu ya kanuni (maagizo yanayopanga barua zenyewe), uone kama kuna barua zinazonakiliwa kwenda anwani ya nje

Hiyo ya mwisho haisahauliki na watu wabaya, inasahauliwa na wenye akaunti. Kanuni ya kusambaza barua haijali nenosiri jipya. Itaendelea kupeleka nakala mpaka mtu aifute.

---

nyuki_wa_isevya (Tabora)

Ahsanteni sana wakuu. Anwani mpya nimeiweka kuwa kuu, tiki nimeziondoa, na ni kweli hotmail sasa imepata kitufe. Sijakigusa. Namba ya zamani ilikuwa kwenye kurasa zote mbili kama Kibirizi alivyosema.

Maswali mawili yamebaki. Hotmail ningependa siku moja iondoke kabisa, maana taka zinazoingia humo ni nyingi. Nitajuaje nani bado anaitumia? Na pili, skana yetu iliyokuwa ikituma nyaraka kwa barua pepe kupitia akaunti hii haitumi muda sasa. Ni kwa sababu ya aliasi?

---

jalada_la_kati

Nianze na skana kwa kuwa ni fupi. Kama iliacha kabla hujagusa aliasi, basi angalia hili: tangu 16 Septemba 2024 akaunti za binafsi za Outlook hazikubali tena programu au mashine inayoingia kwa jina na nenosiri peke yake. Zinataka uthibitisho wa kisasa, ule unaofungua dirisha la Microsoft ukaingia humo. Skana nyingi za zamani hazina uwezo huo na hazitaupata. Iambie skana ihifadhi kwenye folda ya kompyuta, au itumie huduma nyingine ya kutuma barua. Kuhangaika na aliasi hakutaifufua.

Kuhusu nani anaitumia hotmail. Usikisie, acha barua zenyewe zikuambie.

Kwenye kisanduku cha kutafutia andika to: ikifuatiwa na anwani yenyewe. Utapata zilizotumwa huko. Kisha changanya na maneno ambayo huduma hutumia wakati wa kusajili: "thibitisha", "nenosiri", "verify", "password", "welcome", "invoice". Kila jina la huduma linalojitokeza liandike kwenye karatasi au jedwali: jina la huduma, anwani iliyosajiliwa, tarehe ya barua ya mwisho, imebadilishwa au bado. Kwa ofisi kama yenu tarajia kukuta BRELA, TRA, benki, ukurasa wa Facebook, akaunti ya domeini kama mnayo, huduma za usafirishaji, na pengine mtu aliyewahi kuisajili kwenye Ajira Portal kwa mambo yake binafsi.

Kisha tengeneza folda iitwe "zamani" na kanuni inayohamishia humo kila kinachokuja kwa hotmail. Usitumie sharti la anayepelekewa peke yake. Barua zilizotumwa kwa nakala fiche (BCC) hazionyeshi anwani yako kwenye sehemu hiyo na zitakuponyoka. Ongeza sharti la kichwa cha barua ("header", si mada) chenye anwani hiyo, linanasa zaidi. Kisanduku kikuu kitapumua, na folda itakuwa orodha yako hai ya nani bado anaandika huko.

Muda wa kungoja uwe mwaka mzima. Miezi mitatu haitoshi, kwa sababu mambo mengi ya biashara yanakuja mara moja kwa mwaka: ada ya domeini, leseni, bima, mnunuzi wa asali anayeandika msimu wa mavuno tu halafu anapotea. Ukifuta mwezi wa nne na yeye anaandika mwezi wa sita, atapata jibu kwamba anwani haipo na atanunua kwa jirani.

Jambo la kukaza: wakati wa kubadilisha anwani kwenye huduma hizo, ile ya zamani lazima iwe bado inapokea. Huduma nyingi hutuma kiungo cha kukubali mabadiliko kwenye anwani ya zamani kwanza, halafu ndiyo ya pili kwenye mpya. Mtu aliyekwisha futa hotmail anabaki ananing'inia katikati, na hapo hakuna kitufe, ni barua ya maombi yenye nakala ya kitambulisho na kungoja.

Baada ya kubadilisha kila moja, toka, ingia tena, halafu omba kubadilisha nenosiri uone barua imekuja kwenye anwani gani. Hapo ndipo uweke alama ya "imebadilishwa". Kuna mifumo inayobadilisha anwani ya mawasiliano na kuacha jina la kuingilia lile lile la zamani, na usipojaribu huwezi kujua.

---

duka_la_mwanga (Kigoma)

Wakuu nadandia uzi. Sisi tuna domeini yetu, yaani jina letu wenyewe baada ya @, na barua ziko cPanel, jopo la kusimamia tovuti na barua. Nimefuta anwani ya kusambaza ya mfanyakazi mmoja tangu wiki iliyopita, lakini barua zake bado zinaingia kwenye kisanduku cha bosi. Nimefuta vibaya?

---

fundi_wa_seva

Hujafuta vibaya. Una "Default Address" iliyowashwa. Hiyo hupokea kila barua iliyoandikiwa jina lolote lisilokuwepo kwenye domeini yenu. Ulipofuta anwani, jina likawa halipo, na barua ikaangukia kwenye kapu la jumla, yaani kwa bosi.

Fungua cPanel, sehemu ya barua pepe, "Default Address". Chagua kutupa barua pamoja na ujumbe wa kosa, ile inayoandikwa :fail: kwenye mipangilio. Mtumaji atapata jibu la 550 na atajua anwani haipo. Kuna nyingine inaitwa :blackhole: ambayo inameza barua kimya kimya. Hiyo siipendi hata kidogo kwa biashara: mteja ameandika, anaamini imefika, wewe hujui, na hakuna anayemwambia. Kabla ya kuzima kapu la jumla pitia barua za mwezi mmoja zilizoingia kwa bosi, uone ni majina gani yaliyokosewa herufi mara kwa mara. Ikiwa wateja wanaandika "mauso" badala ya "mauzo", tengeneza aliasi ya hilo kosa. Ni nafuu kuliko kuwafundisha wateja.

Ukisha badilisha, tumia "Track Delivery" kwenye cPanel hiyo hiyo. Jitumie barua kwenda jina lililofutwa kutoka Gmail, uone njia iliyopita. Usijaribu kutoka ndani ya domeini yenyewe peke yake, majibu yanaweza kutofautiana.

Kwa wanaoendesha wenyewe Postfix, programu ya seva ya barua: kufuta mstari kwenye /etc/aliases hakutoshi. Seva haisomi faili hilo moja kwa moja, inasoma hifadhi iliyotengenezwa kutokana nalo, kwa hiyo endesha newaliases. Kwa faili la virtual endesha postmap /etc/postfix/virtual. Kisha uliza kwa postmap -q, ukitaja anwani na hash:/etc/postfix/virtual. Isiporudisha kitu, imeondoka kweli. Hili la kusahau newaliases ndilo linalofanya watu wadhani seva ina mapepo.

Postfix ina na kitu kizuri kisichotumiwa sana, relocated_maps. Unaandika anwani ya zamani na mpya kwenye mstari mmoja, na anayeandika ya zamani anapata jibu la 5.1.6 linalomwambia mhusika amehamia wapi. Kwa mfanyakazi aliyehamia idara nyingine inafaa. Kwa aliyeondoka kwa ugomvi, hapana.

Na chonde, katika usafi wenu msifute anwani ya postmaster, ya msimamizi wa barua. Kanuni za SMTP (utaratibu wa kutuma barua pepe), kwenye waraka wa RFC 5321, zinaitaka kila domeini inayopokea barua iwe nayo. Anwani ya abuse, ya malalamiko, nayo iacheni, ipo kwenye RFC 2142 ya 1997, na ndiko watoa huduma wengine wanakoandika seva yenu ikianza kutapika taka. Ukiifuta hutasikia malalamiko, utashtukia tu mmefungiwa.

---

Kibirizi_ziwani (Kigoma)

Nyongeza kwa duka_la_mwanga, kama siku moja mtahamia kwenye huduma za kulipia.

Google Workspace inatoa aliasi hadi 30 kwa kila mtumiaji bila malipo ya ziada. Msimamizi anaingia kwenye jopo la usimamizi, "Directory", "Users", anafungua mtumiaji, anaongeza au kuondoa. Ukimbadilisha mtu jina la anwani kuu, ile ya zamani inageuka aliasi yake yenyewe bila kuulizwa. Kwa hiyo anayebadilisha jina akidhani kafuta la zamani, hajafuta, na akitaka kumpa mtu mwingine anwani hiyo mfumo utamkatalia kwamba inatumika. Lazima uiondoe kwa mkono kwenye orodha ya aliasi.

Kwa anwani kama "mauzo" inayosomwa na watu watatu, aliasi si chombo chake. Aliasi ina mwenyewe mmoja. Tengeneza kundi. Na anwani moja haiwezi kuwa aliasi na kundi kwa pamoja: ondoa aliasi kwanza, ngoja, maana mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24, kisha unda kundi kwa jina hilo. Fanya Ijumaa jioni, maana katikati ya hapo barua zinaweza kurudi kwa mtumaji. Mtumiaji mzima akifutwa kwa bahati mbaya una siku 20 za kumrudisha, baada ya hapo hakuna.

Microsoft 365 ya ofisi ni tofauti na hii ya bure aliyouliza nyuki. Kikomo ni aliasi 400 kwa mtumiaji, na unazikuta "Active users", kisha sehemu ya jina na anwani za mtumiaji. Ukiangalia kwa PowerShell, dirisha la amri la Microsoft, utaona orodha yenye SMTP kwa herufi kubwa mbele ya anwani kuu na smtp kwa herufi ndogo mbele ya aliasi. Herufi hizo ndizo zinazoamua ipi ni kuu, si mapambo. Na kama watumiaji wenu wanaletwa kutoka Active Directory (orodha ya watumiaji kwenye seva) ya ofisini, jopo la mtandaoni litakukatalia kufuta. Nenda kwenye seva yenu, sehemu ya proxyAddresses, futa huko, usubiri isawazishe.

---

nyuki_wa_isevya (Tabora)

Nimeelewa, ahsanteni. Swali la mwisho kabisa: mkurugenzi ana Gmail yenye alama ya kujumlisha, yaani jina lake, halafu +risiti, halafu @gmail.com. Anasema ameitafuta kwenye mipangilio ili aifute na haioni. Iko wapi?

---

jalada_la_kati

Haiko popote, ndiyo maana haioni. Gmail inapuuza kila kitu kuanzia alama ya kujumlisha hadi @, na inapuuza nukta kwenye jina. Hakuna kilichosajiliwa, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Yeyote anaweza kubuni +chochote na barua itafika.

Anachoweza ni kuzichuja. Kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio, atengeneze kichujio kipya, kwenye "To" aandike anwani nzima yenye +risiti, achague kufuta au kupeleka kwenye lebo. Aangalie kwanza kama hakuna duka linalomtumia risiti halisi huko.

Kama anachokiona ni anwani nyingine inayojitokeza kwenye "From" anapoandika barua, hiyo ni kitu kingine: mipangilio yote, "Accounts and Import", "Send mail as", "delete" mbele ya anwani husika. Hapo anaondoa uwezo wa kutuma kwa jina hilo tu. Kama anwani hiyo imewekewa kusambaza barua kuja Gmail, zitaendelea kuja, na kuzizuia ni lazima aende kwenye sanduku linalozituma. Na sehemu hiyo ya Gmail haipatikani kwenye programu ya simu, afungue kwenye kompyuta.